Abu Bakr as-Suli: Fumbo la Miaka Elfu

Neno la Kiarabu "bayt" lina maana tatu zinazokaribiana. Ni nyumba wanayokaa watu. Ni ubeti wa shairi. Na ni mraba mmoja katika ubao wa sataranji. Waswahili waliipokea maana ya pili, ikazaa neno ubeti, na mchezo wenyewe wakaupokea kwa jina lake la sataranji. Miongoni mwa watu waliozijua vyema nyumba za ushairi na nyumba za ubao kwa pamoja, hapana aliyempita Abu Bakr Muhammad bin Yahya as-Suli, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 10.

Asili ya ukoo wake ni Gurgan, karibu na bahari ya Kaspi, na babu yake wa mbali, Sul, alikuwa mtawala wa Kituruki aliyesilimu. Ukoo huo ulitoa makatibu na washairi waliowatumikia makhalifa wa Bani Abbas. As-Suli mwenyewe aliingia barazani kwa njia ya ubao. Khalifa al-Muktafi, aliyetawala kuanzia mwaka 902 hadi 908, alikuwa na bingwa wake aliyempenda, al-Mawardi, yaani muuza maji ya waridi. Wawili hao walipokutanishwa, Khalifa alimshabikia bingwa wake waziwazi. As-Suli hakubabaika, alimshinda mwenzake ushindi usio na shaka. Hapo Khalifa akamgeukia aliyekuwa kipenzi chake na kumwambia kwamba maji yake ya waridi yamegeuka mkojo.

Kisa hiki amekisimulia al-Masudi, yule msafiri ambaye mwaka 916 alitoka katika kisiwa cha Qanbalu, kisiwa ambacho wanahistoria wengi hukidhania kuwa ni Pemba, akavuka bahari hadi Oman. Yeye pia ndiye aliyeeleza kwamba Khalifa ar-Radi, aliyekuwa mwanafunzi wa as-Suli kabla ya kutawala, aliwahi kutembea katika bustani yenye maua mazuri, akawauliza waliofuatana naye kama wamepata kuona kitu kizuri zaidi. Walipoisifu bustani, aliwajibu kuwa uchezaji wa as-Suli unapendeza kuliko maua hayo yote. Tangu hapo, mtu aliyecheza vizuri alisifiwa kwa kufananishwa na as-Suli. Ibn Khallikan, aliyeandika katika karne ya 13, anasema wako waliofika hata kuamini kuwa as-Suli ndiye aliyeubuni mchezo huo, na ikambidi awasahihishe.

Hata hivyo, sifa ya kumshinda mtu mbele ya Khalifa hupita pamoja na Khalifa huyo. Kilichobaki kwa as-Suli ni utunzi wake. Mabingwa wa zama hizo walikuwa na sanaa waliyoiita mansuba: kete chache hupangwa ubaoni kama zilivyo mwishoni mwa mchezo, kisha mtazamaji huulizwa nani atashinda na kwa njia gani. Mansuba ni fumbo. Kama fumbo la ushairi, lina mtunzi, lina mpango, na halina neno la ziada. Kete isiyo na kazi ni sawa na mizani iliyozidi katika mshororo.

Mansuba mashuhuri kuliko zote katika jina lake huitwa Almasi ya as-Suli. Ili kuifahamu yapasa kukumbuka kwamba sataranji ya zamani haikuwa na malkia. Mahali pake alikaa firzani, yaani waziri, naye alikuwa dhaifu: alikwenda hatua moja tu, kwa mshazari. Tena, mchezaji aliyebaki na shahi peke yake, askari wake wote wameliwa, alihesabiwa ameshindwa. Katika Almasi kila upande una shahi na firzani wake, basi. Viumbe wanne ubaoni, na miraba 64 ya kuzungukia. Anayeanza anatakiwa ashinde. Njia ni kumkamata firzani wa mwenzake bila ya kumpoteza wake. Macho ya kawaida huona sare, kwa kuwa mawaziri hao ni wazito na pande zote mbili zina nafasi ya kukimbia.

As-Suli alidai kwamba fumbo hilo lilikuwa la kale, kwamba al-Adli, bingwa wa karne iliyotangulia, hakuweza kulitolea hukumu, na kwamba hapana mtu aliyejua kulifumbua ila yule aliyefundishwa na yeye mwenyewe. Jawabu halikufika katika maandishi yaliyonusurika. Mwanafunzi wake mkubwa, al-Lajlaj, aliandika uchambuzi wa sataranji unaojulikana hadi leo, lakini ufunguo wa Almasi haukupita mikononi mwake kuja kwetu. Mwaka 1913 Mwingereza H. J. R. Murray alipochapisha historia yake kubwa ya mchezo huu, fumbo lilikuwa bado limefungwa. Lilifunguliwa katika miaka ya 1980 na Yuri Averbakh, bingwa wa Urusi aliyezaliwa mwaka 1922 na kufariki mwaka 2022, mtu aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake kuchunguza miisho ya michezo. Averbakh alionesha kwamba anayeanza hushinda kweli, kwa safari ndefu ya shahi isiyoruhusu kosa hata moja. Miaka elfu na zaidi ilikuwa imepita, na mzee wa Baghdad hakuwa amesema uongo.

Hapo ndipo lilipo jambo la kusikitisha katika maisha haya. As-Suli huyuhuyu ndiye aliyezikusanya diwani za Abu Nuwas, Abu Tammam, al-Buhturi na wengineo, akazipanga kwa herufi za vina vyake ili zisipotee. Ndiye aliyeandika Kitab al-Awraq, habari za Bani Abbas na washairi wao. Mali ya wenzake aliilinda kwa wino. Jawabu la fumbo lake likabaki kwa wachache aliowafundisha, na wachache hao walipokwisha, likaisha nao. Mwenyewe alimaliza umri wake Basra, takriban mwaka 946, katika umaskini na mafichoni, baada ya kutafutwa auawe kwa habari aliyoisimulia kuhusu Sayyidna Ali.

Hatari hiyo ya elimu kukaa kifuani haiko mbali na kwetu. Huko Bukoba na Muleba, magharibi ya Ziwa Viktoria, waghani wa Kihaya wamekuwa wakiimba tendi ndefu kwa nanga, habari za mashujaa na za Mugasha, bwana wa ziwa. Tendi hizo hazikuwa na kitabu. Kitabu kilikuwa kifua cha mghani. Profesa M. M. Mulokozi, mwenyeji wa Kagera ambaye wapenzi wa ushairi wa Kiswahili wanamfahamu kwa Malenga wa Bara, diwani aliyoitunga pamoja na K. K. Kahigi mwaka 1976, alizifuatilia tendi hizo na kuwasikiliza waghani kama Habibu Selemani. Mwaka 1983 alichapisha makala iliyouliza kama waghani hao ni wasanii wa utenzi wa kishujaa. Swali hilo liliweza kuulizwa na kujibiwa kwa sababu waghani walikuwa hai na palikuwa na mtu wa kuyanasa waliyoyaimba.

As-Suli hakupata msikilizaji wa namna hiyo. Wahenga walisema fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Lakini mwerevu wa Almasi alichelewa kuzaliwa kwa karne kumi, na wote waliokuja kati yake na mtunzi waliutazama ubao uleule wenye kete nne bila ya kujua kama mbele yao pana ushindi au majivuno ya bingwa mmoja. Diwani alizozikusanya zinasomwa hadi leo bila ya kumngojea mtu yeyote.