"Kuondoa" au "kupunguza" nywele?
Kwa leza, neno linalofaa ni "kupunguza". Mwanga wake hufyonzwa na melanini, rangi ya unywele, ukageuka joto linalounguza mzizi. Unywele usiokuwa katika kipindi cha kukua hunusurika, ndiyo maana mteja hurudi mara kadhaa. Mvi hazisikii leza kabisa. Hata FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, hukubali dai la kupunguza kwa kudumu tu. Mtu atasema haya ni maneno tu. Sivyo: anayeahidiwa kuondolewa hudai mwanga mkali zaidi, na ngozi nyeusi, yenye melanini tele, huungua ikabaki na doa. Leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064 huzama zaidi, hivyo ni salama zaidi kwetu wenye ngozi nyeusi. Msomaji wa Kibaha au Kisarawe, uliza aina ya mashine kabla ya kulipa.