Gharama ya kwenda uwanjani: kwa nini mpira unazidi kuwa mbali na shabiki wa kawaida wa Bujumbura

Kwa mkazi wa Bujumbura mwenye kipato cha kawaida, kwenda uwanjani kuishangilia timu yake kumekuwa jambo la kupigiwa hesabu. Bei ya tiketi ni sehemu moja tu ya gharama hiyo. Nauli imepanda, thamani ya faranga imeshuka, na mechi kubwa za kimataifa ambazo zamani zilichezwa hatua chache kutoka Buyenzi na Bwiza zimekuwa zikichezwa nje ya nchi. Makala haya yanaeleza gharama hiyo imejengeka vipi, ni nani anayeibeba, na mataifa mengine yamejaribu nini ili kumbakisha shabiki wa hali ya chini uwanjani.

Siku ambayo Afrika ilikuja Bujumbura

Tarehe 23 Machi 2019, timu ya taifa ya Burundi, Intamba mu Rugamba, ilitoka sare ya bao 1-1 na Gabon jijini Bujumbura. Cédric Amissi aliifungia Burundi katika kipindi cha pili, na ingawa Gabon ya Pierre-Emerick Aubameyang ilisawazisha, sare hiyo ilitosha. Burundi ilifuzu kwa mara ya kwanza katika historia yake kucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, zilizofanyika Misri katikati ya mwaka huo.

Mechi hiyo ilichezwa katika uwanja uliokuwa na jina la Mwanamfalme Louis Rwagasore, shujaa wa uhuru aliyeuawa Oktoba 1961. Miezi michache baadaye serikali iliubadili jina ukaitwa Intwari, yaani mashujaa. Kwa vizazi kadhaa vya wakazi wa jiji, uwanja huo ulikuwa mahali pa kufika kwa miguu. Fundi wa magari wa Buyenzi aliweza kufunga kazi mchana, akatazama mechi, na kurudi nyumbani kabla ya giza bila kulipa nauli. Ni hapo pia ambapo Vital'O, klabu iliyofika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1992 na kutwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka 2013, ilijijengea mashabiki wake.

Mechi ya nyumbani inayochezwa ugenini

Katika miaka iliyofuata, Shirikisho la Soka Barani Afrika, CAF, lilikaza masharti ya viwanja vinavyoruhusiwa kuandaa mechi za kimataifa. Masharti hayo yanahusu viti vya mtu mmoja mmoja, taa, vyumba vya wachezaji, huduma ya matibabu, sehemu za waandishi wa habari na milango ya kuingilia na kutokea. Nchi kadhaa za Afrika zilijikuta hazina hata uwanja mmoja unaokubalika, na Burundi ilikuwa miongoni mwao.

Matokeo yake yalionekana haraka. Tarehe 9 Juni 2022, Burundi ilipoikaribisha Cameroon katika mechi ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika, mwenyeji alikuwa Dar es Salaam, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Burundi ilifungwa bao 1-0. Agosti 2024 Vital'O ilipangwa na Yanga ya Tanzania katika hatua ya awali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mechi zote mbili, ya nyumbani na ya ugenini, zilichezwa Dar es Salaam. Vital'O ilifungwa mabao 4-0 katika ile iliyohesabiwa kuwa ya nyumbani, kisha 6-0 katika marudiano.

Kwa shabiki wa Bujumbura, mabadiliko hayo yana maana nyepesi kueleweka. Safari ya barabara kutoka Bujumbura hadi Dar es Salaam ni ya zaidi ya kilomita 1,400. Inahitaji hati ya kusafiria, nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, chakula cha siku kadhaa na ruhusa ya kutokuwepo kazini kwa karibu juma zima. Mchuuzi asiyefungua meza yake kwa siku tano hupoteza pia mapato ya siku hizo. Tiketi yenyewe, iwe ya bei ya chini namna gani, inakuwa kitu kidogo kuliko vyote katika hesabu hiyo.

Masharti ya CAF hayakuwekwa bila sababu. Tarehe 24 Januari 2022 watu wanane walikufa katika msongamano kwenye lango la Uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, kabla ya mechi ya Cameroon na Komoro. Usalama wa mashabiki ni jambo lisilo na mjadala. Hata hivyo, pale ambapo uwanja haukarabatiwi kwa wakati, anayelipia upungufu huo ni shabiki yule yule ambaye masharti yaliwekwa ili kumlinda.

Namna ya kuhesabu gharama ya kweli

Suala la mashabiki kushindwa kumudu viwanja halikuanzia Afrika. Nchini Marekani na Kanada, ambako Warundi wengi wamepata makazi, malalamiko ya namna hii husikika kila msimu katika mpira wa magongo wa kwenye barafu, mpira wa kikapu na besiboli. Huko, kampuni ya Team Marketing Report imekuwa tangu miaka ya 1990 ikitoa kipimo kinachojulikana kama kielelezo cha gharama ya shabiki. Badala ya kutazama tiketi peke yake, kipimo hicho hujumlisha matumizi ya familia ya watu wanne: tiketi nne, vinywaji, mikate yenye soseji, maegesho ya gari na kofia za timu.

Wazo hilo linaweza kutumika Bujumbura kwa kubadili vilivyomo ndani ya kapu. Familia ya Kinama au Kanyosha haihitaji maegesho, kwa kuwa haina gari. Kapu lake lina tiketi, nauli ya basi kwa kila mtu, maji na chakula cha kujishikiza, salio la simu la kuulizia kama mechi ipo au imeahirishwa, na mapato ya nusu siku yaliyopotea. Likipimwa hivyo, bei ya mlangoni inaweza kubaki ile ile kwa miaka miwili na bado gharama ya kwenda uwanjani ikapanda.

Faranga, mafuta na nauli

Sababu kubwa zaidi ya kupanda huko iko nje kabisa ya mpira. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga. Dola moja ya Marekani, iliyokuwa ikibadilishwa rasmi kwa faranga 2,000 na ushei, ilipanda hadi zaidi ya faranga 2,800. Katika soko lisilo rasmi pengo liliendelea kutanuka, na mwaka 2025 dola ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya kiwango rasmi. Bidhaa zinazotoka nje zilifuata mkondo huo. Jezi, viatu, mipira, dawa za wachezaji na vipuri vya mabasi vyote hununuliwa kwa fedha za kigeni.

Uhaba wa mafuta umeongeza uzito. Kwa vipindi virefu, hasa mwaka 2024, misururu ya magari kwenye vituo vya mafuta ilikuwa sehemu ya sura ya jiji, na abiria walisubiri mabasi kwa saa nyingi. Kabla ya hapo, Machi 2022, pikipiki za abiria, bajaji na baiskeli zilizuiwa kuingia katikati ya jiji. Anayetoka kata za kaskazini au kusini kwa bodaboda hulazimika kushukia njiani na kumalizia kwa miguu au kwa basi. Kwa kijana mwenye nguvu huo ni usumbufu. Kwa mzee, au kwa mama mwenye watoto wawili mkononi, inaweza kuwa sababu ya kubaki nyumbani.

Mashabiki wa mpira wa kikapu nao hawana nafuu. Machi 2024 klabu ya Dynamo ya Bujumbura iliondolewa katika mashindano ya Ligi ya Kikapu ya Afrika nchini Afrika Kusini baada ya kukataa kuvaa jezi zenye tangazo la utalii la Rwanda. Miezi miwili kabla yake, Januari 2024, Burundi ilikuwa imefunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda. Kwa hiyo Kigali, jiji lililo karibu kuliko majiji mengine yanayoandaa michezo mikubwa ya kikapu, likawa nje ya uwezo wa shabiki wa kawaida anayesafiri kwa basi.

Klabu inaishi kwa nini?

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Klabu zinahitaji fedha za mlangoni. Katika mataifa yenye haki kubwa za televisheni, mlango ni chanzo kimoja kati ya vingi. Mwaka 2021 Ligi Kuu ya Tanzania ilipata mkataba wa miaka 10 na Azam Media wenye thamani ya shilingi za Tanzania bilioni 225.6. Klabu za Burundi hazina mkataba wa ukubwa huo. Ligi yao kuu imewahi kudhaminiwa na kampuni ya vinywaji ya Brarudi na kubeba jina la bia ya Primus, lakini usafiri, kambi na posho za wachezaji bado huzielemea klabu.

Mechi ya kimataifa inapohamishwa nje ya nchi, klabu hupoteza mara mbili. Hukosa mapato ya mashabiki wake, na hulipa safari ya timu nzima kwenda kuwa mwenyeji mahali ambapo si mwenyeji. Yanayopotea hayaishii kwenye klabu: muuza karanga, muuza maji na dereva wa basi dogo waliozoea kupata riziki siku ya mechi nao hukosa.

Mfululizo huo una matokeo ya muda mrefu. Ikiwa klabu itapandisha tiketi ili kufidia pengo, viti vitakuwa vitupu. Viti vikiwa vitupu, mdhamini hupunguza fedha. Wachezaji bora nao huondoka mapema kwenda kutafuta maisha. Mashabiki wa Bujumbura wanaijua njia hiyo vizuri, kwa kuwa wamewaona Didier Kavumbagu, Amissi Tambwe na Saidi Ntibazonkiza waking'ara Dar es Salaam.

Wengine walifanya nini

Mifano ya nje inaonyesha kwamba bei za viwanjani zinaweza kushuka pale mashabiki wanapokuwa na sauti moja. Tarehe 6 Februari 2016 maelfu ya mashabiki wa Liverpool waliondoka uwanjani Anfield katika dakika ya 77 ya mechi dhidi ya Sunderland. Walikuwa wakipinga mpango wa kuuza baadhi ya tiketi kwa pauni 77. Siku chache baadaye wamiliki wa klabu waliufuta mpango huo. Mwaka huo huo klabu za Ligi Kuu ya England zilikubaliana kwamba shabiki anayesafiri na timu yake asilipishwe zaidi ya pauni 30.

Mfano wa pili unafundisha kinyume chake. Katika Kombe la Dunia la Klabu lililofanyika Marekani mwaka 2025, bei za tiketi zilipanda na kushuka kulingana na mahitaji ya soko. Tiketi ya bei ya chini ya nusu fainali kati ya Chelsea na Fluminense iliporomoka kutoka karibu dola 474 hadi dola 13 na senti kadhaa siku chache kabla ya mechi, baada ya kudhihirika kwamba viti vingi vingebaki vitupu. Walionunua mapema, yaani waliojitolea zaidi, ndio waliolipa ghali zaidi.

Kwa Bujumbura, hatua zenye manufaa zinaweza kuwa za kawaida kabisa: kutenga sehemu ya mzunguko kwa wanafunzi kwa bei ndogo, kupanga mechi saa ambazo mabasi bado yapo, kutangaza mapema mechi inapoahirishwa, na juu ya yote kuukarabati uwanja mmoja ufikie kiwango cha CAF. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ghali kuliko zote, lakini ndiyo pekee inayofuta kilomita 1,400.

Jukwaa la wasio na tiketi

Wakati hayo yakisubiriwa, mashabiki hawajaacha kufuatilia. Katika mitaa ya Buyenzi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya barazani, mabishano kuhusu Simba na Yanga husikika sawa na yale ya Vital'O na Inter Star. Wengi hutazama kupitia runinga za kulipia katika kumbi ndogo ambako kiingilio hugawanywa kwa watu wengi. Wengine husikiliza redio, njia ambayo haidai nauli wala hati ya kusafiria.

Njia hizo huwaweka mashabiki karibu na matokeo, lakini haziipi klabu ya nyumbani fedha za mlangoni wala kelele za kuwasukuma wachezaji. Mtoto aliyekuwa na miaka minane Gabon ilipozuiwa Bujumbura mwaka 2019 sasa ni kijana mwenye uwezo wa kuisindikiza timu yake. Kama atakuwa shabiki wa uwanjani au wa runinga ya klabu za mbali, hilo litategemea kwa kiasi kikubwa iwapo ataweza kufika langoni akiwa na nauli ya kurudi nyumbani mfukoni.