Moshi wa Bunduki Ukingoni mwa Ruvuma

Mtu asimamaye kwenye mchanga wa Msimbati na kutazama kusini huukabili mlango wa mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni nchi ya Kionga, ambayo Wajerumani waliishika tangu 1894 hata Wareno walipoitwaa Aprili 1916. Vita vilivyopiganwa katika bonde la mto huo husimuliwa kwa majina ya makamanda. Lakini kwa askari mweusi aliyelala majanini swali lilikuwa moja tu: je, akifyatua, adui ataona alipo?

Vita vilipozuka mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani zilikuwa na bunduki ya Mauser ya 1871, ya milimita 11, itiwayo risasi moja moja. Baruti yake ilikuwa nyeusi, ya kale. Iwakapo, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa bali hubaki chembe ngumu, na chembe hizo ndizo wingu jeupe litokalo mdomoni mwa bunduki, na ndizo masizi yachafuayo mtutu. Mfaransa Paul Vieille alikuwa amekwisha vumbua baruti isiyo moshi mwaka 1884, na bunduki ya Maxim, ijipakiayo kwa nguvu ya kurudi nyuma kwa mtutu wake, ilinufaika mno kwa usafi wa baruti hiyo. (Mwana wa Maxim huyo, Hiram Percy, ndiye aliyepata hati ya kizuia sauti cha bunduki mwaka 1909: baba aliuzidisha mlio, mwana akataka kuuzima.)

Porini wingu hilo lilikuwa mauti. Askari aliyefyatua mara moja alikuwa amekwisha jitaja, na risasi za bombomu zikalifuata wingu lake. Mwenziwe mwenye baruti mpya alisikiwa tu, na mlio katikati ya miti haumwonyeshi mtu kwa hakika. Ushindi wa Tanga, Novemba 1914, ulileta bunduki 455 za adui, nazo hazikuwatosha wote.

Baada ya Mahiwa, Oktoba 1917, risasi zisizo moshi zilikaribia kwisha. Ndipo Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma, na tarehe 25 Novemba akaishambulia kambi ya Wareno huko Ngomano, mto Lugenda uingiapo. Meja Teixeira Pinto akauawa, na askari wakajitwalia bunduki za Kireno na risasi zake. Silaha zilipotolewa Abercorn, Novemba 1918, bunduki 1,071 zilizohesabiwa zilikuwa za Kiingereza na za Kireno.