Kasha la Njumu na Haki ya Warithi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wetu hudhani maneno hayo ni ya wenye maduka. Mimi nayaona yanahusu pia vile vyombo vya mbao vilivyokaa majumbani mwetu hata tukasahau kwamba ni mali: makasha ya njumu, vitanda vya samadari, viti vya enzi vya mpingo. Mwenyewe anapofariki ndipo huulizwa swali ambalo aghalabu hakuna aliyejitayarisha kulijibu: hiki kina thamani gani?

Makasha yetu ni watoto wa pepo za msimu. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi kutoka bandari za Bara Hindi, kama vile Surat na Bombay, yalileta masanduku ya msaji yaliyopambwa kwa vipande vya shaba na misumari. Mafundi wa Unguja nao wakatengeneza ya kwao, na wanatengeneza hadi leo. Nahodha aliweka humo fedha na hati zake. Bibi harusi aliweka nguo, dhahabu na udi. Kiti cha enzi kilikuwa na heshima nyingine. Kilijulikana hasa Lamu, Pate na Siyu, na aliyekalishwa juu yake ni mgeni wa heshima.

Vyombo hivi vilitawanyika kwa sababu zinazojulikana. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, familia nyingi zilizoishi kwa mashamba zilififia. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, na waliohama waliacha vitu vyao nyuma. Mwenye njaa hauzi kwa bei, huuza kwa haja. Wanunuzi walilijua hilo.

Lakini si kila hasara huletwa na mgeni mwenye mkoba wa noti. Nyingine hutokea sebuleni, kati ya ndugu. Tuchukue mfano wa sheria ya mirathi ya Kiislamu. Marehemu ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti wawili. Madeni yakishalipwa na wasia ukishatekelezwa, mke hupata thumni. Kinachobaki hugawiwa watoto, mwanamume akipata mafungu mawili kwa moja la mwanamke. Basi kila binti ana 7 katika 48 ya mali yote. Ikiwa kaka analitaka kasha na anaruhusiwa kulikadiria yeye mwenyewe kuwa "sanduku kuukuu tu", 7 ya binti ni 7 ya kitu kilichopunguzwa. Hesabu ya kadhi itakuwa sahihi na haki itakuwa imepotea.

Bibi yetu alipofariki, mmoja wa ami zetu alisema tusibishane kwa ajili ya mbao. Shangazi akajibu kwa upole kwamba habishani, anataka tu kasha litazamwe kabla ya kugawiwa. Likapinduliwa mchana kweupe, na kila mtu akaona. Tangu siku hiyo nimependa kujifunza yanayotazamwa.

Kwanza skurubu. Za zamani zilikuwa butu. Zenye ncha kali zilienea baada ya miaka ya 1840, na zile za kichwa chenye alama ya msalaba ni za tangu miaka ya 1930. Skurubu moja mpya si ushahidi, huenda ni matengenezo. Zikiwa zote mpya, ni habari nyingine. Pili, alama za msumeno upande usioonekana: mistari ya mviringo ni ya mashine, si ya mkono. Tatu, mchakao. Droo iliyovutwa kwa miaka mingi huliwa pale inapogusana na mbao nyingine, wala si kila mahali sawasawa. Nne, shaba: ikifanana mno kila pembe, uliza.

Na tafadhali, msomaji, usisugue wala usipige vanishi kabla ya kuuliza. Ule weusi wa miaka ni sehemu ya bei.

Jua pia kwamba bei si moja. Mwenye duka hutaja ile itakayomwachia faida. Mnada hutoa ile ya siku hiyo. Bima huandika gharama ya kupata kingine mfano wake. Kwa mirathi, inayofaa ni ile ambayo mnunuzi na muuzaji wasiolazimishwa wangekubaliana, ikipatikana kwa watu wawili au watatu wasio na haja ya kununua. Huko Kenya kumbuka sheria ya makumbusho ya mwaka 2006: kitu cha kale cha kabla ya 1895 hakitolewi nchini bila kibali.

Kuna wanaoona haya kutaja bei ya kumbukumbu za wazee. Naona haya hiyo imewagharimu zaidi wanawake. Aliyelithamini kasha kwa haki anaweza kuamua kutoliuza kabisa, akawalipa wenzake mafungu yao, na kila mtu akalitazama bila kinyongo.

Basi andikeni daftari wazee wakiwa hai: chombo kipi, kilitoka wapi, nani alikileta, kwa harusi ya nani. Maelezo hayo nayo huongeza thamani, na hayauzwi katika duka lolote.