Baba akifa, pansioni ni ya nani?

Wasikilizaji, swali hili mnatuletea kila mara. Lina historia ndefu hapa kwetu.

Tangu mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilitaka mfanyakazi aishi kambini na bibi na watoto. Poso ilitolewa kufuatana na majina yao. Jina lisipoandikwa, unga hautoki. Lakini baba akifa, desturi ndiyo iliamua: kwa Wabemba na Walamba mrithi alikuwa mwipwa, mtoto wa dada. Mjane alibaki na sufuria, pengine hata hizo zilibebwa.

Mwaka 1961 ikaja INSS, leo CNSS, na pansioni ya wajane na yatima. Tarehe 1 Agosti 1987 ikaja sheria ya familia: watoto wanapata robo tatu ya urithi, hata wa nje ya ndoa kama baba aliwatambua akiwa hai. Mjane yuko kundi la pili, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu. Hapo watu wanachanganya. Pansioni si mali ya kugawana matangani, na shemeji hawezi kuichukua.

Shida ni karatasi. Ndoa ya kimila ambayo haikuandikwa komini inamzungusha mjane ofisi kwa ofisi. Na familia zilizofukuzwa Katanga mwaka 1992 na 1993, ngapi ziliacha karatasi nyumbani?

Mama mmoja wa Katuba alinionyesha fishi ya kazi ya marehemu bwana yake. Mahali pa jina la bibi hapakuandikwa kitu. Wamezaa watoto sita.