Kodi yenye jina: fedha za shule na zahanati zinavyotengwa

Mfanyakazi anayeishi na kuajiriwa Louisville, jimboni Kentucky, hukatwa asilimia 2.2 ya mshahara wake. Asilimia 1.25 huenda kwa serikali ya jiji, 0.2 kwa mabasi ya umma na 0.75 kwa bodi ya shule. Wakongo na Wasomali waliopata makazi mjini humo huchangia shule hizo kila wanapolipwa.

Kuifunga kodi kwa kazi moja kabla haijakusanywa si jambo geni kwa Afrika. Ghana ilipitisha sheria ya bima ya afya mwaka 2003 na kuitengea tozo ya asilimia 2.5 ya thamani ya bidhaa na huduma. Lakini mifuko ya namna hiyo ilipoongezeka, Hazina ilibanwa. Mwaka 2017 sheria nyingine ikaweka kikomo: mifuko yote maalumu isizidi robo ya mapato ya kodi.

Nchini Tanzania, tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 ilielezwa kuwa ya kujenga vituo vya afya na madarasa. Malalamiko yalikuwa makubwa, na Septemba mwaka huo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kenya nayo ilianza mwaka 2023 kukata asilimia 1.5 ya mishahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu iliona ni ubaguzi kuwatoza walioajiriwa rasmi peke yao. Machi 2024 ikaja sheria mpya iliyowagusa hata wasio na ajira rasmi.

Huko Columbus, Ohio, mizozo ya aina hiyo hupelekwa kwenye sanduku la kura. Wakazi wa kaunti ya Franklin ndio huamua kama kodi za majengo kwa ajili ya watoto, wazee na wagonjwa wa akili ziendelee. Kura hufanywa kila muda wake unapokwisha, na asiyeridhika ana nafasi ya kukataa.

Hata hivyo jina la kodi halithibitishi kwamba huduma imeongezeka. Buffalo imo katika jimbo la New York, ambalo tangu 1967 huendesha bahati nasibu ya kuchangia elimu. Hoja ya wakosoaji ni nyepesi kueleweka: shule ikipokea fedha za bahati nasibu, serikali yaweza kupunguza zile ilizokuwa ikitoa, na mwalimu asione tofauti yoyote. Hesabu ya kutazama basi ni bajeti nzima ya elimu au afya, si mfuko peke yake.

Wanaotuma fedha nyumbani kutoka miji hiyo mitatu wana tozo nyingine. Tangu Januari 1, 2026, Marekani hutoza asilimia 1 kwa fedha taslimu zinazotumwa nje, nayo haikutengewa shule wala hospitali yoyote. Huingia Hazina kuu. Anayetuma kutoka akaunti ya benki ya Marekani, au kwa kadi ya benki iliyotolewa nchini humo, hatozwi.