Frank Sinatra na wanaomrudia: nani kafanya kweli?

Kila nikigusia muziki wa zamani wa Marekani, vijana huwa wananiuliza swali moja: hivi huyu Frank Sinatra anayetajwa kila Michael Bublé akitoa albamu, alitunga nyimbo gani hasa? Jibu huwa linawashangaza. Karibu hakuna. Jina lake limo kwenye utunzi wa nyimbo chache sana, mojawapo ni I'm a Fool to Want You ya mwaka 1951, tena akiwa na wenzake wawili. Nyingine karibu zote unazozijua ni za watu. Kwa hiyo kabla hatujawasema vijana kwamba wanakopi, tujue kuwa mzee mwenyewe aliishi kwa kurudia.

Hata My Way, ambayo kila mtu anajua ni "wimbo wa Sinatra", ilianza Ufaransa. Mwaka 1967 Claude François aliimba Comme d'habitude, wimbo unaohusu mapenzi yaliyochoka. Paul Anka akachukua muziki ule, akaandika maneno mapya kabisa ya Kiingereza, akampa Sinatra, ambaye alirekodi mwishoni mwa Desemba 1968. Baada yake kaiimba Elvis, na mwaka 1978 Sid Vicious wa Sex Pistols akaivuruga makusudi. Wote hao walikuwa wanarudia wimbo uliokwisha kurudiwa.

Kwa asiyemfahamu: Sinatra alizaliwa Hoboken, New Jersey, tarehe 12 Desemba 1915, wazazi wake wahamiaji wa Kitaliano. Aliimba na bendi ya Harry James mwaka 1939, kisha ya Tommy Dorsey kuanzia 1940 hadi 1942. Alipoanza kusimama peke yake, mabinti wa New York walikuwa wanalia na kuzimia ukumbini, kama unavyoona kwa mastaa wa sasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaporomoka, mwaka 1952 kampuni yake ya rekodi ikaachana naye. Mwaka 1953 akasaini Capitol, akacheza filamu ya From Here to Eternity, akapata Oscar, na hapo ndo kazi yake kubwa ikaanza. Alifariki Los Angeles tarehe 14 Mei 1998.

Nyimbo alizoimba ndizo Wamarekani wanaziita za kudumu, zilipendwa zao. Nyingi zilitungwa kati ya miaka ya 1920 na 1950 kwa ajili ya michezo ya jukwaani ya Broadway na filamu. Watunzi ni kina Cole Porter, Irving Berlin, ndugu wawili Gershwin. Mtunzi alikuwa mtunzi na mwimbaji alikuwa mwimbaji, hakuna aliyeona aibu kuimba cha mwenzake. Na sheria ya Marekani ya 1909 iliruhusu: wimbo ukishatolewa kwenye rekodi, yeyote anaweza kuurekodi upya, mradi mwenye utunzi alipwe kiwango kilichowekwa.

Sasa Sinatra alifanya nini cha ajabu? Kwanza kipaza sauti. Waimbaji wa kabla ya hapo walipiga kelele ili aliyekaa nyuma kabisa asikie. Bing Crosby ndiye aliyeonyesha kwamba ukiwa na kipaza sauti unaweza kuongea na mtu mmoja, Sinatra akalisogeza jambo hilo karibu zaidi. Pili pumzi. Alikuwa anamwangalia Dorsey akipuliza tromboni bila kuonekana anavuta hewa, naye akajifunza kuunganisha mistari ambayo wengine waliikata katikati. Matokeo yake unasikia mtu anakueleza jambo, husikii mtu anayekariri.

Chukua I've Got You Under My Skin. Cole Porter aliitunga kwa ajili ya filamu ya mwaka 1936, wimbo mpole tu. Januari 1956 Sinatra akaingia studio na Nelson Riddle, mpangaji wake wa muziki. Inaanza taratibu kama mtu anatembea mtaani jioni, ala zinaongezeka kidogo kidogo, halafu katikati tromboni ya Milt Bernhart inapasuka. Walirudia zaidi ya mara 20 siku hiyo. Bernhart alisimulia baadaye kwamba ilibidi asimame juu ya boksi ili afikie kipaza sauti. Sinatra anaporudi baada ya tromboni, si yule wa mwanzo, ameshachanganyikiwa na huyo mwanamke. Mwaka 1956 wimbo ulikuwa na miaka 20, na watu wakasikia kama umezaliwa juzi.

Kwa kipimo hicho, tuwaangalie wa baadaye.

Robbie Williams alitoa Swing When You're Winning mwaka 2001, akaenda kurekodi studio zile zile za Capitol. Somethin' Stupid aliyoimba na Nicole Kidman ilishika namba moja Uingereza Krismasi ile. Burudani nzuri, lakini kwangu mimi ni suti ya kuazima. Na kuna It Was a Very Good Year, ambapo anaimba yeye, kisha inaingia sauti ya Sinatra ya 1965. Marehemu hakuulizwa. Mimi hapo huwa nasita, ingawa Sinatra mwenyewe alifungua mlango: kwenye albamu yake ya Duets ya 1993 wenzake, akiwemo Bono, waliingiza sauti zao bila kukaa naye studio.

Bublé ni tofauti kidogo. Jamaa ni Mkanada, babu yake fundi bomba aliwafanyia wanamuziki kazi bure ili mjukuu aruhusiwe kuimba nao. Albamu yake ya 2003 ilitoka Reprise, lebo ambayo Sinatra aliianzisha mwaka 1960. Anajua kuimba, si mchezo. Ila kinachomtambulisha zaidi kwangu ni Home ya 2005, ambayo alishiriki kuitunga.

Rod Stewart naye alitoa albamu tano za namna hii kati ya 2002 na 2010. Zimeuza sana. Nimezisikiliza, sina zaidi.

Aliyefanya kweli, kwa maoni yangu, ni Bob Dylan. Mwaka 2015 akatoa Shadows in the Night, nyimbo 10, zote Sinatra aliwahi kuzirekodi. Dylan na sauti yake ile ya kukwaruza! Hakuna bendi kubwa, ni wanamuziki wachache tu. Hajaribu kufanana na Sinatra hata kidogo, lakini kila neno unalielewa na unaliamini. Mwingine ni Amy Winehouse, aliporekodi Body and Soul na Tony Bennett Machi 2011, miezi minne kabla hajafariki.

Na kuna suala la hela, maana vijana wengi mnaoimba mnasoma hapa. Redio za kawaida za Marekani zikipiga wimbo zinamlipa mtunzi, mwimbaji halipwi. Yaani My Way ikipigwa, mirabaha inaenda upande wa watunzi, Sinatra hapati kitu. Miaka ya mwisho ya 1980 alijitokeza kuwahamasisha wasanii wenzake wadai sheria ibadilike. Miswada imepelekwa Bunge la Marekani mara kadhaa na mpaka leo haijapita. Mfalme wa kurudia aliondoka bila kulipwa na redio hizo.

Ukipata hedfoni nzuri hapo kafe, anza na ile ya 1956, kisha ile ya Bono ya 1993, halafu I'm a Fool to Want You ya Dylan. Mkishasikiliza, leteni maoni hapo chini, ila matusi sitayaweka.